Nilinunua mchoro wa muuza omena, naye akajikuta ukutani kwangu

Mama Mshauri, salamu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili hapa mjini. Nimeolewa na tuna watoto wawili. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikinunua michoro, na ninayoipenda ni ile ya uhalisia, ambayo ukiitazama unaona mshipa wa mkono na kutu ya bati. Ninayo saba. Pesa ninazolipwa nikienda kusahihisha KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ndizo huingia huko, na mume wangu tangu mwanzo alikubali, ingawa hakuwahi kuelewa.

Mwaka jana nilihudhuria maonyesho madogo katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kisumu. Kulikuwa na mchoro wa rangi ya mafuta, upana wake karibu mita moja. Mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake omena, dagaa wa ziwani, imeanikwa juu ya wavu, na gorogoro, lile kopo la kupimia, iko mkononi. Amevaa koti kubwa la kiume la kijivu, mikono imekunjwa mara mbili, kifungo cha pili hakipo na pini imeshika mahali pake. Ameinamisha uso, na mwanga wa asubuhi umemwangukia shavu moja tu. Kibandiko kilisema "Mama wa Soko". Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kuondoka. Nikaununua kwa shilingi 45,000, nikalipa kwa awamu tatu kwa M-Pesa, nikautundika sebuleni juu ya kochi.

Mwezi uliopita mama mkwe wangu alikuja na akina mama wenzake wa chama, ilikuwa zamu yake kuwakaribisha na nyumba yangu ndiyo yenye nafasi. Wote waliketi, ila mmoja akabaki amesimama mbele ya ukuta na kikombe cha chai mkononi. Akasema polepole, "Hili ni koti la baba watoto." Chumba kizima kikanyamaza. Akageuka akaniuliza, "Mlininunua pesa ngapi?" Nilimwambia ukweli, maana sikuweza kumdanganya. Hakusema kitu kingine. Aliweka chai mezani nusu, akaketi karibu na mlango mpaka kikao kikaisha.

Baadaye mama mkwe alinieleza. Mumewe alizikwa, na wiki ya tatu akarudi ufuoni Dunga kuuza omena kwa sababu watoto walihitaji kula. Koti lilikuwa la marehemu. Kijana mmoja alikuja na simu, na mama yule akadhani kijana anapiga picha za mashua.

Mama mkwe anataka niuondoe mchoro nyumbani kabisa. Mume wangu anasema kuna rafiki yake ametoa 70,000, niuze, halafu nimpe yule mama kitu kidogo. Nilipompigia mchoraji simu alisema, "Mwalimu, soko halina mwenyewe," kisha akakata. Si mtu mbaya, ni kijana wa miaka 26 anayesomesha wadogo zake. Mwalimu mwenzangu naye ananiambia haya ndiyo matokeo ya kununua michoro inayofanana na picha za simu, na kwamba ningenunua sanaa ya dhahania, ile isiyoonyesha watu na vitu jinsi vilivyo, nisingelala macho wazi.

Nilikuwa nimeweka akiba ya 60,000 niende Nairobi likizo ya Aprili nizunguke kwenye galari, zile kumbi za kuonyesha na kuuza michoro. Sasa sina moyo. Niutoe ukutani? Je, nina deni kwa yule mama? Na niendelee kweli na mambo haya ya kukusanya?

Mwalimu, Kisumu

*

Mwanangu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamesimama kwenye lile koti. Nitaanza hapo, mambo ya pesa yatafuata.

Mchoraji aliona mikono iliyokunjwa mara mbili. Aliona pini. Rangi ya mafuta haina haraka: unapaka tabaka, unangoja siku kadhaa likauke, unarudi na jingine, na mkunjo mmoja wa kitambaa kizito unaweza kula wiki nzima. Kijana huyo alikaa na koti lile pengine mwezi, akilitazama kwa karibu kuliko alivyowahi kulitazama mtu yeyote isipokuwa mjane mwenyewe. Na katika siku zote hizo hakupanda matatu ya Dunga aende kumuuliza mama, "Hili koti ni la nani?" Kosa lake liko hapo. Kuchora hakukosea. Kuchora vizuri ndiko kulikomfanya mama yule alitambue koti la mumewe kutoka upande wa pili wa chumba, na hilo simu haifanyi kirahisi, maana simu ingetuonyesha koti lolote la kijivu.

Kwa hiyo mwenzako wa shuleni simkubali. Sanaa ya dhahania ni nzuri na mimi mwenyewe ninayo, lakini kuikimbilia ili usikutane na mtu ni woga. Aliyechagua uhalisia amechagua watu wenye majina. Ukinunua sura, kuna mahali mwenye sura anaishi, na Kisumu si mji mkubwa kiasi hicho.

Nikueleze kitu kinachonisumbua mpaka leo. Nilifanya kazi ya kutengeneza fremu Nakuru kwa miaka mingi kabla macho hayajaanza kunisumbua. Siku moja mteja aliniletea mchoro wa makaa juu ya karatasi, sura ya mzee mwenye kofia ya sufu. Chini kabisa, pembeni, mchoraji alikuwa ameandika jina la mzee na kijiji chake kwa penseli. Fremu aliyoichagua mteja ilikuwa fupi kwa vidole viwili. Nilichukua kisu na rula nikakata ule ukingo wa chini, nikaufagia pamoja na vumbi la mbao. Mteja alifurahi. Usiku ule ndipo nilipogundua nilichofagia, na asubuhi takataka zilikuwa zimeshachukuliwa. Mzee yule sasa yuko kwenye ukuta wa mtu fulani kama "mzee mwenye kofia", na mkono uliofanya hivyo ni huu wangu.

Ndiyo maana kibandiko cha "Mama wa Soko" kinaniuma. Ni desturi ya zamani nchini kwetu. Ukienda Makumbusho ya Kitaifa Nairobi utaona michoro ya Joy Adamson, ambayo serikali ya kikoloni ilimwagiza aifanye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ya watu wa jamii za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, ushanga umehesabiwa mmoja mmoja. Lakini tunaozitazama sura zile tunazijua zaidi kwa kabila na mavazi kuliko kwa majina ya waliokaa wakachorwa. Tulitarajia vijana wetu, wanaochora mama zao wenyewe, watafanya tofauti. Wengine wanafanya. Joel Oswaggo alichora maisha ya Waluo kwa penseli za rangi kama mtu aliyekaa ndani ya boma, anayejua nani anaruhusiwa kuketi wapi. Ukiangalia kazi ya namna hiyo unajua mchoraji alikuwa na nani wa kumuuliza.

Sasa maswali yako.

Utoe ukutani? Ndiyo, leo jioni, kwa sababu mama amekuja nyumbani kwako na akatoka bila kumaliza chai. Lakini kuutoa si kuutupa wala kuurudisha. Usiufunge kwa nailoni, nakuomba. Kwa joto na unyevu wa Kisumu, nailoni itafungia jasho ndani na utakuta ukungu mweupe juu ya rangi. Funga kwa shuka safi la pamba, usimamishe wima, mgongo kwenye ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na uweke vipande viwili vya mbao chini ili maji ya kudekia yasiufikie. Rangi ya mafuta huchukua miezi sita hadi mwaka kukauka vizuri mpaka ndani, kwa hiyo shuka lisiubane uso wa mchoro.

Kisha nenda Dunga, na uende na mama mkwe wako. Usiende peke yako kama mteja, wala usimtangulize mumeo. Mama mkwe ndiye mwenye chama naye, yeye ndiye mlango. Bebeni sukari na majani, kama mnavyokwenda kwa mtu aliyefiwa, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo. Rambirambi hii imechelewa tu. Usianze na pesa. Mwambie ulivyouona mchoro mara ya kwanza, ulisimama muda gani na kwa nini. Mwambie hukujua. Kisha muulize kuhusu koti na unyamaze. Akitaka kueleza ataeleza. Maana ya mjane kuvaa koti la mumewe mama mkwe wako atakufafanulia kuliko mimi niliyelelewa Nakuru.

Baada ya hapo ndipo umuulize anataka nini kifanyike, na uwe tayari kwa jibu lolote. Huenda akataka mchoro usionekane tena. Au akubali ubaki, jina lake na la marehemu vikiandikwa. Nimeona pia watu wakitaka jambo dogo sana ambalo hakuna aliyelifikiria, kama nakala ya kuweka kwao nyumbani, kwa sababu hawana picha nyingine ya siku zile. Uamuzi ni wake, na mkishauamua msiurudie tena na tena.

Akikubali jina liandikwe, liandike nyuma, kwenye mbao za fremu ya ndani, kwa penseli laini. Usiandike kwenye kanvasi, wino hupenya hadi mbele. Weka mwaka, mahali, na jina la mchoraji. Mgongo wa mchoro ndio cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuwa nikigeuza kila kazi iliyoingia dukani kabla sijautazama uso wake.

Mchoraji usimwache. Nasema hivi kwa sababu kuna jambo ambalo mama mkwe wako huenda halijui: kuununua mchoro hakukukupa hakimiliki yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo inabaki kwa mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, isipokuwa akuandikie vinginevyo. Maana yake ni kwamba hata ukiuficha chini ya kitanda, yeye anaweza kuchapisha kadi na mabango ya "Mama wa Soko" na kuyauza kesho. Kwa hiyo kama mama hataki sura yake isambae, wa kuombwa ni kijana, na njia nzuri ni kumpeleka Dunga akae mbele yake. Mwambie hutamharibia jina. Mwambie pia kwamba hutanunua kwake tena mpaka aende. Wewe ni mnunuzi, na neno la mnunuzi kijana analisikia haraka kuliko langu.

Utauliza kama alivunja sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda picha inayomtambulisha mtu, lakini imeacha mlango kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na mawakili wanaweza kuvutana mlangoni hapo miaka mingi huku mama akiendelea kuuza omena. Mimi sikupeleki huko. "Soko halina mwenyewe" ni kweli kwa soko. Koti lina mwenyewe.

Deni lipo? Kwa maoni yangu lipo, na kubwa zaidi ni la mchoraji. Mtu anayekaa achorwe studioni hulipwa kwa muda wake, na huyu alikaa bila kujua. Mumeo ameliita "kitu kidogo", na wewe ni Mkenya, unajua maneno hayo hutumika wapi: kwenye hongo. Usimpe mama pesa za kumnyamazisha, tena usimpe kwa siri. Mchoraji apewe nafasi ya kwanza kutoa fungu katika zile 45,000, na wewe uongeze lako kama mtu aliyefurahia sura yake mwaka mzima. Kiasi kitajwe na mama mkwe, mbele ya wote watatu. Akikataa pesa, msimshurutishe.

Na hizo 70,000 ziache. Kuuza sasa ni kumhamishia mama huyu nyumbani kwa mtu mwingine ambaye naye hajui koti ni la nani. Tena ujue marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yalimpa msanii asilimia 5 ya bei pale kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Nililipokea hilo kwa furaha, nimewajua wachoraji waliouza kwa bei ya chakula kazi zilizokuja kuuzwa kwa bei ya gari. Lakini utaona sheria imemkumbuka mchoraji na kumsahau aliyechorwa. Nafasi hiyo itajazwa na watu kama wewe au haitajazwa kabisa.

Nairobi nenda. Akiba yako umeitolea jasho la kusahihisha, na mtu aliyeumia kwa jambo kama hili anaangalia vizuri zaidi. Anza na mahali pasipouza michoro, ili macho yatulie: Nairobi Gallery, lile jengo la zamani la serikali katikati ya mji lililopewa mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mtu aliyenunua sanaa ya Afrika wakati wakubwa wenzake walipokuwa wakinunua mashamba. Kisha taasisi aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage, Nairobi Contemporary Art Institute, ambayo haiuzi, inaonyesha. Mnamo 2022 ilifungua na kazi za Sane Wadu, aliyekuwa mwalimu kama wewe kabla hajaacha chaki akashika brashi. Yeye si mhalisia kwa maana unayoipenda, lakini tazama anavyowapa watu wa kawaida uzito.

Siku ya pili ndiyo ya galari zinazouza. Circle iko Lavington, One Off iko Rosslyn, Banana Hill iko Kiambu, na Red Hill iko upande wa Limuru, ile utahitaji gari au rafiki mwenye gari. Usiogope mlango. Kuingia na kutazama hulipi, na orodha ya bei huwa mezani, omba. Kidoti chekundu pembeni ya kibandiko maana yake imeshauzwa. Usiku wa ufunguzi ni wa kusalimiana, watu ni wengi na hakuna anayeona kitu. Rudi Jumanne mchana, utapata ukumbi ni wako na mhudumu ana nafasi ya kuzungumza. Kwa jicho lako ningekuambia utafute kazi za Eddy Ochieng, ambaye rangi yake ya mafuta inakaribia pumzi, na mandhari za Coster Ojwang, ambaye pia ni mwanamuziki, uone jinsi mwingine anavyofikia ukweli kwa brashi nene isiyohesabu nyuzi.

Na kila utakaposimama mbele ya sura, uliza maswali ambayo mwaka jana hukuyauliza. Huyu ni nani? Alijua anachorwa? Picha iliyotumika ilipigwa na nani? Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu kuna wachoraji wanaonakili picha za watu wengine kutoka kwenye intaneti, na hapo umenunua kesi. Mhudumu akijua majibu, utasikia katika sauti yake kwamba hadithi ipo. Asipojua, mwombe ampigie mchoraji. Usinunue siku hiyo hiyo. Lala, rudi kesho, na kama koti au kiatu au mkono ulikufuata mpaka kitandani, zungumza bei. Galari nyingi hukubali kulipwa kidogo kidogo, hilo wewe unalijua.

Lakini Dunga iwe kabla ya Nairobi. Usiende asubuhi. Mashua za omena huvua usiku kwa taa na kufika ufuoni alfajiri, na kuanzia hapo mpaka jua likaze kina mama hawana mkono wa kumpa mgeni. Nenda saa tisa alasiri, omena ikishakauka na kukusanywa, wakati mtu anaweza kuketi juu ya ndoo na kuzungumza.